Katlesi za kaa: Moto huua vijidudu, hauondoi mzio

Jioni moja nililetewa kijana aliyevimba midomo na macho, akipumua kwa shida. Alikuwa karamuni, akala katlesi mbili akidhani ni za samaki. Kumbe zilikuwa za kaa, na tangu utotoni akila kamba huwashwa mwili mzima. Tulimdunga adrenalini, akapona. Je, angekuwa mbali na hospitali?

Katlesi za kaa ni chakula kizuri. Nyama yake ina protini nyingi na mafuta kidogo, aidha ina madini ya zinki na vitamini B12. Unaweza kuzipika nyumbani bila hofu ukizingatia mambo yafuatayo.

Kwanza, nunua kaa aliye hai. Akishakufa, nyama huharibika upesi sana, hasa kwa joto la Pwani. Mtie kwenye friza kwa muda wa saa moja ili alegee, kisha umtumbukize katika maji yanayochemka. Kaa wa kilo moja huhitaji dakika 20 hivi. Gamba hugeuka jekundu mapema, kwa hivyo rangi pekee isikuhadae. Nyama iwe nyeupe na isiwe na ute. Kaa asiyeiva huweza kuwa na vijidudu vya jamii moja na vile vya kipindupindu, ambavyo huleta kuhara na kutapika.

Pili, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuchambua nyama. Hapa ndipo wengi hukosea. Nyama huchambuliwa asubuhi na kuachwa mezani hadi jioni. Vijidudu vilivyotoka mikononi huzaana na kutoa sumu ambayo hata mafuta ya moto hayaiondoi. Kama hupiki papo hapo, iweke kwenye friji na uitumie kabla ya kesho kwisha.

Tatu, changanya nusu kilo ya nyama na viazi viwili vilivyopondwa, yai, kitunguu, dania, pilipili na ndimu. Chumvi iwe kidogo kwa kuwa kaa ana yake. Finyanga, kisha kaanga kwa mafuta machache, dakika nne kila upande, hadi katikati pawe moto kabisa.

Sasa turudi kwa yule kijana. Mwenye mzio, au aleji, mwili wake huiona protini ya kaa kama adui. Protini hiyo haiharibiwi na kuchemshwa wala kukaangwa. Anayedhuriwa na kamba huenda akadhuriwa na kaa pia, na wengine huathiriwa na mvuke wa sufuria tu. Mzio huu waweza kuanza ukubwani, hata kwa mtu aliyekula kaa kwa miaka mingi.

Dalili ni mwasho, mabaka ya ngozi, kuvimba midomo, kutapika na kubanwa kifua. Mtu akishindwa kupumua vizuri au akizimia, mkimbize hospitali mara moja. Vidonge vya mwasho havitoshi.

Kwa hivyo msomaji, usikaange viazi vya wageni katika mafuta yaliyokaanga kaa. Na kabla ya kupakua, waambie waliopo kilichomo ndani ya katlesi. Kinga ni bora kuliko tiba.