Kugongana na Mnyama Ukiwa Juu ya Baisikeli



Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hulicheka mpaka liwapate wao wenyewe, nalo ni kugongana na mnyama njiani wakati mtu yu juu ya baisikeli. Mwenye motokaa agongapo mnyama, bati na chuma cha gari humkinga. Mpanda baisikeli hana kinga hiyo. Kishindo kile humpata yeye mwenyewe mwilini, na sehemu inayobaki hukipata chombo chake.

Mifano yetu tutaitoa Moshono, upande wa mashariki wa jiji la Arusha, kwa kuwa huko mji na shamba hukutana. Mtu atokaye nyumbani alfajiri kwenda kazini huweza kukutana na mbuzi, punda, mbwa, na mara nyingine tumbili akikatiza njia. Akishika barabara kuu ya Moshi, akapita Tengeru hata Usa River, kisha akakunja kushoto kuelekea Momella, hufika katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la kreta ya Ngurdoto, na leo imeuchukua ndani yake hata Mlima Meru, wenye kimo cha meta 4,562. Huko twiga, punda milia, ngiri, nyani na nyati huonekana kando ya njia, nao hawajui kwamba barabara ni mali ya wapitao kwa magurudumu.

Pengine mtu atauliza, Je, mnyama wa porini aweza kweli kumwangusha mpanda baisikeli? Aweza. Mwezi wa Oktoba mwaka 2011, karibu na bwawa la Albert Falls katika Afrika Kusini, kijana mmoja alikuwa katika mashindano ya baisikeli uwandani. Kongoni akaja mbio kutoka upande, akaruka, akampiga kwa kishindo hata akamwangusha. Mwenzake aliyekuwa nyuma alikuwa na kamera, na picha zile zikatazamwa ulimwenguni kote. Kijana yule aliokoka. Kofia yake ngumu ilipasuka, na hapana shaka kwamba bora kofia kupasuka kuliko kichwa.

Sasa tutazame sababu. Motokaa hutangaza kuja kwake kwa ngurumo, na mnyama hupata nafasi ya kuondoka mapema. Baisikeli huja kimya. Mnyama huitambua ikiwa imekwisha kumkaribia, naye hushtuka na kukimbia popote, pengine mbele ya gurudumu lenyewe. Tena wanyama wengi hutembea kwa makundi. Akivuka mmoja, msidhani ya kuwa njia imekuwa nyeupe, maana wa pili na wa tatu huenda wakamfuata.

Jambo jingine ni mwendo. Mtu aendaye kilometa 20 kwa saa hupita meta tano na nusu katika kila sekunde. Tukimpa sekunde moja ya kuona na kukaza breki, kisha meta nne hivi za kusimama juu ya lami kavu, atahitaji karibu meta kumi. Lakini akiteremka kwa kilometa 40 kwa saa, atahitaji karibu meta 27. Mwendo umezidi mara mbili tu, ila nafasi ya kusimama imezidi karibu mara tatu, na penye kokoto au matope huzidi zaidi. Kwa hiyo alfajiri na magharibi, saa ambazo wanyama wengi hutembea na macho yetu huona kwa shida, yatupasa kupunguza mwendo, kuwasha taa, na kupiga kengele kabla ya kufika penye kichaka. Na mnyama akitokea ghafula, kaza breki zote mbili, ya nyuma na ya mbele, ukishika njia iliyonyoka. Akatazaye usukani ghafula ili kumkwepa mbuzi aweza kujitupa chini ya lori.

Watu husema kwamba ajali haina kinga. Huenda ikawa kweli kwa ajali ya kwanza. Lakini sisi twataka kusema hasa juu ya ajali ya pili, ile inayokuja baada ya mtu kuinuka, kujipangusa vumbi, na kupanda tena upesi kwa sababu ya haya au haraka. Hiyo ina kinga, na kinga yake ni kutulia robo saa tu.

Ukiisha kuanguka, jambo la kwanza ni kutoka barabarani. Kisha jitazame mwili. Ikiwa kichwa kimepigwa, nawe waona kizunguzungu, watapika, wasahau yaliyopita, au wasinzia kwa namna isiyo ya kawaida, usipande tena. Tafuta mtu akupeleke hospitali. Kofia ngumu iliyopata pigo haifai kuvaliwa tena, hata kama ufa hauonekani kwa nje.

Jambo la pili ni mnyama mwenyewe. Usimwendee kumsaidia wala kumfukuza. Mnyama aliyeumia huuma na kupiga mateke, na nyani au tumbili mwenye mtoto aweza kutetewa na kundi zima. Ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa, tumbili, fisi, au mnyama mwingine anyonyeshaye, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile uelezwe habari za chanjo ya kichaa cha mbwa. Msingoje kuona kama ugonjwa utatokea. Dalili zikisha kuanza, karibu hapana mtu aponaye. Bali mtu akitibiwa mapema huokoka.

Jambo la tatu ni sheria. Ikiwa mnyama wa porini amekufa, nyama yake si kitoweo cha aliyemgonga. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyama aliyeuawa kwa ajali huhesabiwa kuwa nyara ya Serikali. Toa habari kwa askari wa hifadhi, kwa ofisa wa wanyamapori, au kituo cha polisi. Mtu aliyepata ajali hana kosa kwa kuanguka. Lakini akifunga paja la mnyama juu ya karia na kwenda nalo nyumbani, amejitia katika kosa kubwa kwa mikono yake mwenyewe. Na ikiwa aliyegongwa ni mbuzi au punda wa jirani, mwite mwenyewe au balozi wa nyumba kumi, mkatazame pamoja, ili neno lisikue likawa ugomvi.

Sasa twafika kwenye baisikeli. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa maana chombo huweza kusimama wima kikaonekana kizima, kumbe kimekwisha kuvunjika ndani. Kitazame kwa utaratibu huu.

Kwanza, gurudumu la mbele, maana ndilo lipatalo pigo kabla ya mengine. Linyanyue, ulizungushe, ukitazama rimu inavyopita kati ya breki. Ikiyumba kidogo tu bila kugusa, utaweza kwenda polepole. Ikigusa breki au uma, au ikiwa spoku zimekatika, usiipande. Usifungue breki ili gurudumu lipate kupita! Huko ni kuondoa maumivu kwa kuondoa dawa.

Pili, uma wa mbele, ambao mafundi huuita foku. Simama kando, utazame kama miguu yake imefuata mstari wa shingo ya baisikeli na kupinda mbele kidogo kama ilivyokuwa. Ikiwa imerudi nyuma, tairi itakuwa imekaribia fremu, na huenda ncha ya kiatu chako ikagusa tairi wakati wa kukata kona. Hiyo ni alama ya hatari. Foku ikikatika katika mteremko, mpanda huanguka kwa uso.

Tatu, fremu. Pitisha kidole chini ya shingo, mahali bomba la juu na bomba la chini yanapokutana na shingo. Rangi ikiwa imekunjamana au imepasuka, jua kwamba chuma kilicho chini yake kimejikunja.

Nne, usukani. Ukiwa umegeuka upande, simama mbele ya baisikeli, libane gurudumu kwa magoti, uunyoshe, kisha ukaze nati kwa spana. Ikiwa bomba la usukani lenyewe limepinda, usilinyoshe, bali libadilishe.

Tano, breki na mnyororo. Kaza breki kwa nguvu zako zote huku ukiisukuma baisikeli mbele. Waya ukikatika, na ukatike hapo ulipo umesimama, si katika miteremko ya Meru. Hakikisha kwamba mnyororo haukuruka na kujibana.

Akiona kasoro katika lolote kati ya haya, mwenye baisikeli na aisukume kwa miguu hata kwa fundi. Kusukuma si aibu.

Yafaa pia kujua atakayoyafanya fundi, ili mtu asitoe fedha bure. Gurudumu la baisikeli za namna ya zamani aghalabu lina spoku 32 mbele na 40 nyuma, na kila moja huvuta rimu upande wake. Rimu ikiwa imeelekea kulia, fundi hulegeza kidogo spoku za kulia mahali pale na kukaza za kushoto, robo ya mzunguko kwa kila mara, akitumia ufunguo wa spoku na kipande cha chaki kuonyesha panapogusa. Kazi hiyo hutaka subira, na rimu iliyoyumba kidogo huweza kupona kabisa. Lakini rimu iliyojikunja kama chapati, au yenye ufa, haina dawa ila kubadilishwa.

Juu ya foku na fremu, ulizeni ni za madini gani. Chuma cha pua hupinda kabla ya kukatika, nacho hutupa onyo. Aluminiamu hutoa onyo dogo. Ikishapinda, kuinyosha ni kuitayarisha ikatike. Nyuzi za kaboni, zilizomo katika baisikeli za mashindano, zaweza kupasuka ndani huku nje zikimeremeta. Fundi akikuambia kwamba ataipiga foku nyundo irudi kama kwanza, mshukuru, kisha umwombe akufungie nyingine. Hata chuma cha pua, kikisha kupinda na kunyoshwa kikiwa baridi, hakina tena nguvu yake ya asili, na bei ya foku ni ndogo kuliko bei ya taya.

Tena mtu asitazamie kwamba Serikali itamlipia rimu. Kanuni za mwaka 2011 zimeweka kile watu wakiitacho kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au aliyefiwa kwa sababu ya wanyama wakali, na kifuta jasho kwa mazao na mifugo iliyoharibiwa. Baisikeli haimo. Kwa hiyo fedha kidogo zilizowekwa akiba kwa ajili ya matengenezo zitafaa kuliko malalamiko mengi.

Basi, wasikilizaji wetu, mnyama hakusoma alama za barabara, wala hatuwezi kumfundisha. Kongoni atakuja kutoka upande tusiouona, na tumbili atashuka mtini saa asiyotarajiwa. Lakini jeraha lioshwe au lisioshwe, nyama ichukuliwe au iachwe, baisikeli iliyopinda ipandwe au isukumwe, hayo yamo katika mikono yetu. Mzazi amtumaye mtoto shuleni kwa baisikeli na amfundishe mambo haya matano ya kutazama, kwa kumwonyesha chombo chenyewe uani. Atakapoanguka, hatakuwapo mtu wa kumwuliza.

Kwaherini.