Oksidi za Metali na Grafini katika Elektrodi za Superkapasita

Superkapasita ni kifaa cha kuhifadhia umeme ambacho hujazwa kwa sekunde chache na kuvumilia mamia ya maelfu ya mizunguko, lakini nishati inayobebwa na kilo moja yake kwa kawaida haifikii sehemu ya kumi ya ile ya betri ya lithi. Katika elektrodi zake za kaboni, ioni za elektroliti, yaani kimiminika kinachopitisha chaji, hujipanga tu juu ya uso bila mmenyuko wowote wa kikemia, kwa hiyo eneo la uso ndilo linaloweka kikomo.

Oksidi za metali hufuata njia nyingine. Katika oksidi ya manganisi, atomi zilizo karibu na uso hupokea elektroni huku protoni au ioni za sodiamu zikiingia kusawazisha chaji, kisha mmenyuko huo hurudi nyuma upesi. Ndiyo sababu uwezo wake wa kinadharia hukaribia faradi 1,370 kwa gramu, ilhali ule wa grafini, pamoja na uso wake wa mita za mraba 2,630 kwa gramu, ni takribani faradi 550. Hata hivyo, oksidi hiyo hupitisha umeme kwa shida mno, na tabaka lake likiwa nene, sehemu ya ndani hubaki bila kazi.

Grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja, uliotenganishwa mwaka 2004 na Andre Geim na Konstantin Novoselov huko Manchester, hupitisha elektroni vizuri sana, ila tando zake zikiachwa peke yake hugandana na kupoteza uso. Chembe za oksidi zenye ukubwa wa nanomita zikioteshwa juu yake huzitenganisha tando hizo, nazo tando huzifikishia chembe umeme. Pamanganeti ya potasiamu ikichanganywa na grafini majini, kaboni yenyewe huigeuza kuwa oksidi inayoota papo hapo na kushikamana na utando barabara, jambo ambalo kusaga viwili hivyo pamoja hakuwezi kulifanikisha. Lakini mmenyuko ukirefushwa mno, grafini huliwa.

Takwimu za kuvutia zinahitaji tahadhari, kama Yury Gogotsi na Patrice Simon walivyoonya mwaka 2011. Elektrodi ya kibiashara hubeba miligramu zipatazo 10 kwa sentimita ya mraba, ilhali sampuli nyingi za maabara ni nyembamba mno kiasi kwamba udhaifu wa oksidi katika kupitisha umeme hauonekani kabisa.