Rangi Juu ya Glezi na Kasoro Zinazosingiziwa Brashi

Glezi ni tabaka la kioo linalofunika chombo cha udongo, nalo hutokana na unga wa silika, alumina na viyeyushi, yaani madini yanayoiwezesha silika kuyeyuka kwa joto dogo zaidi. Rangi huweza kupakwa juu yake kwa njia mbili, ambazo wanaoanza huzichanganya: katika majolika, rangi huwekwa juu ya glezi mbichi ambayo ingali unga mkavu, kisha vyote huchomwa pamoja kwa nyuzijoto 1000 hadi 1100 hivi, ilhali katika enameli, rangi huwekwa juu ya glezi iliyokwisha kuwa kioo, na chombo hurudishwa tanurini kwa nyuzijoto 700 hadi 850.

Jijini Nairobi, kazi ya kupaka udongo rangi kwa mkono inajulikana zaidi kupitia Kazuri, karakana ya shanga na vyombo iliyoanzishwa na Susan Wood huko Karen mwaka 1975. Mfinyanzi wa mtaa wa Tena, anayefanyia kazi katika chumba cha ghorofani ambamo vumbi la Eastlands halizuiliki kwa pazia, hukabiliwa na matatizo ambayo karakana kubwa huyamudu kwa nafasi tu.

La kwanza ni glezi kujikunja na kuacha mabaka ya udongo mtupu, na hapo lawama huangukia rangi, ingawa mara nyingi chanzo ni vumbi au mafuta ya vidole yaliyobaki juu ya chombo kabla ya glezi kupakwa, au tabaka nene lililopasuka likikauka. Chombo hufutwa kwa sifongo yenye unyevu kidogo, kisha glezi hupakwa nyembamba. Gundi ya arabika, ambayo kaskazini mwa Kenya huvunwa kutoka migunga, ikitiwa kidogo huigandisha glezi mbichi ili brashi isiikwangue. Ikizidi, ukaukaji huchelewa.

Rangi nayo ina makosa yake. Oksidi ya kobalti, itoayo buluu, ina nguvu kiasi kwamba mpako mzito huishia kuwa mweusi na mkavu, kwa sababu oksidi nyingi kupita kiasi haziwezi kuyeyukia katika glezi iliyo chini yake. Ya ajabu zaidi ni kromi: mvuke wake huweza kuigeuza glezi nyeupe yenye oksidi ya bati kuwa ya waridi, hata kwenye chombo cha jirani tanurini, na mwenye chombo hicho akabaki akimtafuta mchawi.

Enameli ikipakwa nene hubanduka. Mafuta yake yasipopata hewa ya kuungulia polepole, huacha malengelenge. Ikikosa joto la kutosha hubaki bila mng'ao, na likizidi, nyekundu hufifia. Kuharakisha joto karibu na nyuzijoto 573, ambapo kwatsi iliyomo udongoni hubadili umbo na kutanuka ghafla, huweza kukipasua chombo chenyewe.

Mng'ao mzuri, hata hivyo, si ushahidi wa usalama, kwa kuwa baadhi ya enameli zina risasi au kadimiamu. Kipimo cha maabara huhitaji asidi ya asetiki ya asilimia 4 kukaa ndani ya chombo kwa saa 24 kabla ya metali zilizochujuka kupimwa. Chombo ambacho hakijapimwa kinafaa kupambia ukuta, si kupakulia chakula.