Kadi za Mkono: Jasho la Mtengenezaji Lilipwe Kwanza

Kamati nyingi za sharika zinapotafuta njia ya kuongeza kipato cha akina mama na vijana, wazo la kadi za salamu zinazotengenezwa kwa mkono hujitokeza mapema. Mtaji wake ni mdogo, haudai umeme wala mashine, mgomba upo nyuma ya nyumba, na wageni wanapita kila siku wakielekea Marangu na Machame kupanda mlima. Kwa sababu hiyo tumeona vema toleo hili lieleze hatua kwa hatua namna kikundi kinavyoweza kuanza, na mambo ya kupima kabla ya kununua mkasi wa kwanza.

Tunaomba msomaji ashike neno moja tangu mwanzo. Kadi inaweza kutoka vizuri mezani, wateja wakaisifu, na bado aliyeitengeneza akarudi nyumbani na kipato kidogo kuliko kama angebaki shambani. Ugumu wa mradi huu uko kwenye hesabu zaidi ya gundi na karatasi.

Nani ananunua kadi siku hizi?

Kadi ya Krismasi ya kuuzwa madukani ilianza London mwaka 1843, pale Henry Cole alipomwomba msanii John Callcott Horsley amchoree moja ili asiandike barua nyingi za salamu. Kwa miaka mingi nasi tulitumiana kadi kwa njia ya posta. Leo salamu nyingi zinakwenda kwa simu. Kikundi kitakachotegemea watu wanaotafuta kadi ya kawaida ya kutuma posta kitakosa wateja.

Hata hivyo, yapo makundi matatu ya wanunuzi ambayo hayajaondoka.

Kwanza ni wageni na watalii. Huyu anatafuta kitu chepesi cha kubeba, kisichovunjika, chenye alama ya mahali alipofika. Wengi hawaitumi kadi hiyo, wanaiweka kwenye fremu.

Pili ni marafiki wa sharika zetu walioko Ujerumani, Sweden, Marekani na kwingineko. Uhusiano huu ni wa siku nyingi, kwani wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Sharika nyingi za huko hufanya masoko madogo ya Majilio, na kadi ni bidhaa inayofaa meza hizo.

Tatu ni sisi wenyewe, na kundi hili husahauliwa sana. Kila Desemba Wachagga walioko Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na nje ya nchi hurudi nyumbani. Ni msimu wa ubatizo, ndoa na vikao vya ukoo, na karibu na hapo kuna kipaimara. Shughuli hizi zote zina kadi za mwaliko, za pongezi na za shukrani. Kikundi kinachoweza kutengeneza kadi 100 za mwaliko zilizo nadhifu kwa siku iliyoahidiwa kina soko lisilotegemea ndege kutua KIA.

Mfano wa Iringa

Kwa mfano hai wa hapa nchini tutazame Iringa. Neema Crafts ilianzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Ilianza na vijana 3 viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa mkono, ikiwemo karatasi iliyotokana na kinyesi cha tembo. Kutokana na karatasi hiyo walitengeneza kadi na bidhaa nyingine. Baadaye kazi ilipanuka hadi ufumaji, shanga, duka, na mkahawa ambao wahudumu wake ni viziwi.

Tunajifunza mambo mawili hapo. Kwanza, bidhaa yao ilikuwa na jambo la kusimulia ambalo jirani hakuwa nalo. Pili, walimpa mnunuzi sababu ya kufika, akae, anywe chai na aone kazi inavyofanyika. Hawakungoja apite njiani.

Malighafi: mgomba una mengi

Katika kihamba, kahawa ilikuwa ya baba na ndizi zilikuwa za mama. Bei ya kahawa ilipoanguka duniani mwaka 2001, kaya nyingi ziliona jinsi ndizi za mama zilivyobeba nyumba. Kadi za magome ya mgomba zinatokana na mmea huo huo ulio mikononi mwake, na hii ni sababu nzuri ya kuuchagua mradi huu.

Shina la mgomba huzaa mkungu mmoja tu kisha hukatwa. Magome ya nje yaliyokauka ndiyo yanayofaa. Rangi hutofautiana kuanzia nyeupe ya maziwa, hudhurungi, hadi karibu nyeusi, kulingana na aina ya mgomba na unyevu uliopata. Msanii hahitaji rangi ya dukani, anachagua kivuli kwa kivuli.

Hatua ni hizi:

1. Kusanya magome wakati wa ukavu, hasa Januari na Februari, kabla ya masika. Chukua ya nje tu. Majani na mabaki mengine yaache shambani, kwa maana ndiyo matandazo yanayohifadhi unyevu na kurutubisha kihamba.

2. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, anika kivulini, kisha piga pasi ya mkaa juu ya karatasi. Gome lenye unyevu huota ukungu ndani ya bahasha.

3. Hifadhi kwenye boksi kavu, ukitenganisha rangi.

4. Nunua bahasha kwanza, ndipo ukate kadi. Karatasi ngumu ya A4 ikikatwa katikati hutoa vipande viwili, na kila kipande kikikunjwa kinakuwa kadi ya ukubwa wa A6, yaani sentimita 10.5 kwa 14.8. Hakikisha bahasha ya ukubwa huo inapatikana Moshi mjini mwaka mzima.

5. Kata kwa wembe na rula ya chuma. Mkasi huacha ukingo uliopinda, na mnunuzi huona hilo kabla ya kuona picha.

6. Tumia gundi nyeupe kwa uchache, kisha weka kadi chini ya vitabu vizito usiku kucha ili zisijikunje.

Sura ya kwetu

Kadi za migomba zinatengenezwa pia Kenya, Uganda na Rwanda. Picha ya twiga na mwanamke aliyebeba mtungi inapatikana kila mahali, na ukiiweka mezani utashindana kwa bei peke yake. Kikundi cha Kilimanjaro kiwe na picha zake: Kibo juu ya mawingu, nyumba ya msonge ya zamani, mfereji wa maji unaopita kihambani, tawi la kahawa lenye matunda.

Tunapendekeza pia isale. Mchagga anajua maana yake. Mmea huu uliopandwa mipakani ndio huo huo ambao jani lake hupelekwa kwa mtu aliyekosewa ili kuomba msamaha, na jani hilo haliachwi hivi hivi bila kujibiwa. Kwa maneno mengine, babu zetu walikuwa na namna yao ya kupeleka ujumbe kabla ya bahasha kufika. Kadi yenye jani la isale, na nyuma yake sentensi mbili za kueleza maana yake, haipatikani Nairobi wala Kigali. Maelezo hayo yaandikwe kwa Kiswahili na lugha ya mgeni, yawe mafupi na ya kweli.

Hesabu ya bei

Hapa ndipo vikundi vingi huanguka. Bei hupangwa kwa kutazama jirani anauzaje, au kwa kuhesabu karatasi na gundi tu. Muda wa mama hauhesabiwi kabisa, kana kwamba ulikuwa bure.

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia, kila kikundi kiweke bei za eneo lake.

Vifaa vya kadi moja pamoja na bahasha: Sh. 350.
Kazi: kadi 18 kwa siku ya saa sita, kwa ujira wa Sh. 9,000 kwa siku: Sh. 500.
Nauli, meza na chakula siku ya maonyesho, Sh. 30,000 ikigawanywa kwa kadi 100: Sh. 300.
Zilizoharibika na zisizouzika: Sh. 100.
Jumla ya gharama: Sh. 1,250.

Kikundi kikiuza kwa Sh. 2,000, kinabaki na Sh. 750 za kukuza mtaji. Kikiuza kwa Sh. 1,000 kwa kuhofia kukosa mteja, basi baada ya kutoa vifaa, maonyesho na hasara zinabaki Sh. 250 za kazi. Kadi 18 zitampa mama Sh. 4,500 badala ya Sh. 9,000. Nusu ya siku yake amemzawadia mnunuzi, ambaye pengine ana uwezo kumzidi.

Kwa duka la hoteli hesabu ni nyingine. Tuseme linachukua asilimia 40. Kadi ya Sh. 2,000 italeta Sh. 1,200. Kwa kuwa gharama ya maonyesho haipo, gharama inashuka hadi Sh. 950 na zinabaki Sh. 250. Inawezekana, ila isiwe njia pekee. Kadi zikiachwa dukani kwa mali kauli, yaani kulipwa baada ya kuuzwa, iwepo karatasi yenye idadi, bei na tarehe ya kulipana, iliyosainiwa na pande zote mbili.

Siku ya maonyesho

Mkoani kwetu fursa moja kubwa ni Kilimanjaro Marathon, ambayo imekuwa ikifanyika Moshi tangu mwaka 2003 karibu na mwisho wa Februari na kuleta wageni wengi. Maonyesho ya Nane Nane ya Kanda ya Kaskazini hufanyika Arusha kila Agosti, na Sabasaba hufanyika Dar es Salaam kila Julai. Kwa kuanzia, masoko ya shule na sharika yanatosha. Uliza mapema gharama ya meza, na anza na maonyesho yenye nauli ndogo.

Mezani zingatieni haya. Kadi zisimamishwe, zisilazwe, ili mpita njia azione kwa mbali. Bei iandikwe kwenye kila kadi, maana mgeni asiyeona bei huogopa kuuliza. Wekeni pia pakiti ya kadi tano. Muwe na chenji na namba ya kupokelea fedha kwa simu. Bidhaa zifungwe kwenye bahasha ya karatasi, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini kuanzia Juni 2019. Mwanakikundi mmoja akae akitengeneza kadi pale pale, kwa sababu anayeona kazi haulizi sana kwa nini bei ni hiyo.

Jioni andikeni picha zipi zimeuzika na zipi zimerudi. Picha iliyorudi kutoka maonyesho mawili isitengenezwe tena, hata kama inapendwa na mwenyekiti.

Kalenda ya soko la mbali

Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya Novemba 27 na Desemba 3. Anayetaka kadi kwenye meza ya Ujerumani siku hiyo lazima oda ifike kwa kikundi ifikapo Julai, na mzigo uondoke Septemba. Oda inayokuja Novemba haimsaidii mtu yeyote. Aidha, nchi nyingi zina masharti juu ya bidhaa za mimea. Mnunuzi aulize kwanza kwao, na kikundi kiulize Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) kama cheti kinahitajika.

Fedha na uongozi

Kikundi kiwe na daftari la fedha, daftari la kazi linaloonyesha nani ametengeneza ngapi, na akaunti yenye watia saini watatu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atasaidia usajili, ambao unahitajika pia kwa mikopo isiyo na riba ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. SIDO mkoani hutoa mafunzo na ushauri kwa wajasiriamali wadogo.

Kwa kamati za sharika tunasema kwa upendo: fedha za kikundi si mfuko wa usharika. Mwanakikundi atatoa sadaka yake kama Mkristo mwingine, kutoka kwenye mkono wake. Fedha ya karatasi ikiingia kwenye bati la kanisa, hata kwa nia njema, mwezi ujao hakuna kadi.

Kwa wahisani wetu

Kadi inayonunuliwa kwa huruma hununuliwa mara moja. Mkitaka kusaidia, tumeni oda mapema pamoja na nusu ya malipo, semeni wazi picha ipi haikuuzika na kwa nini, na lipeni bei iliyohesabiwa bila kuomba punguzo kwa sababu ni mradi wa kanisa. Oda ya kadi 200 kila mwaka kwa miaka mitatu humfaa mama kuliko boksi la vifaa linalokuja mara moja na hotuba.

Kamati inayofikiria mradi huu ianze na watu watano, kadi 50, na soko moja la karibu. Wauze, wakae na daftari, wajibu swali moja: kila aliyefanya kazi amelipwa siku yake? Jibu likiwa ndiyo, ongezeni kadi. Likiwa hapana, rekebisheni bei au picha kabla ya kuongeza watu. Ofisi ya miradi ya dayosisi iko tayari kukaa nanyi kupitia hesabu hizo. Njoni na daftari, hata kama lina kurasa mbili tu.