Ulizo Gumu la Evanjili ya Luka: Wale Waliouawa Walikosa Nini? (Luka 13, 1-9)



Katekista mmoja wa pande za Oicha alituletea ulizo. Alikuwa ametoka kuzika watu wa jumuiya yake, waliokatwa kwa mapanga mashambani mwao. Baada ya maziko mzee mmoja alisema mbele ya watu wote kwamba Mungu haachi watu wake wachinjwe hivi pasipo sababu, kwa hiyo wale marehemu walikuwa na kosa lao la siri. Wajane walisikia neno lile. Katekista hakuwa na jibu. Alipofika nyumbani akafungua Evanjili ya Mtakatifu Luka, sura ya 13, akasoma, kisha akafunga kitabu kwa huzuni. Aliona kama Bwana wetu anasema maneno mawili yasiyopatana. Kwanza anakana kwamba waliokufa walikuwa wenye dhambi kuliko wengine. Halafu anawaambia wasikilizaji wake kwamba, wasipotubu, wataangamia vilevile. «Padri, akatuuliza, kama kifo chao si adhabu, kwa nini Yezu anawaonya wengine kwa kifo kile kile?»

Twaona inafaa kujibu ulizo hili mbele ya wote, maana kila padri na kila katekista wa Beni na Butembo ataulizwa siku moja, na jibu baya laweza kuumiza watu kuliko kunyamaza.

I. Habari zenyewe

Yezu yuko njiani kwenda Yeruzalemu. Watu wanamletea habari ya Wagalilaya waliouawa na Pilato walipokuwa wakitoa sadaka, hata damu yao ikachanganyika na damu ya wanyama wa sadaka. Yezu mwenyewe anaongeza habari ya pili: mnara wa Siloe ulianguka, ukaua watu 18.

Luka peke yake ndiye anayesimulia mambo haya. Mwandishi Myahudi wa karne ya kwanza, Flavio Yozefu, hayataji. Lakini anatuonyesha Pilato alikuwa mtu wa namna gani: alitwaa feza za Hekalu kwa kujenga mfereji wa maji, na watu walipolalamika, askari wake waliwapiga hata wengine wakafa. Baadaye aliua Wasamaria wengi karibu na mlima Garizimu. Basi habari ya Luka yapatana na tabia ya mtawala yule. Siloe nayo ni pahali panapojulikana, upande wa kusini wa Yeruzalemu, penye birika ambapo yule kipofu wa Evanjili ya Yoane alitumwa kunawa.

Tuangalie vema: habari ya kwanza ni ukatili wa mtu, habari ya pili ni msiba usio na muuaji. Wagalilaya waliuawa kwa upanga, watu wa Siloe waliuawa kwa mawe yaliyoanguka. Sisi katika jimbo la Butembo-Beni tumeonja yote mawili. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 watu wengi wamechinjwa katika eneo la Beni, huko Ngadi, Eringeti, Oicha, na huko Rwangoma mwezi wa Agosti 2016. Kisha ukaja ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini ulishika watu 3.470, ukaua 2.287. Beni, Butembo na Katwa ziliumia sana. Na Dominika ya tatu ya Kwarezima, tarehe 24 Machi 2019, siku zile hesabu ya wagonjwa ilipofikia elfu moja, somo lililosomwa katika Misa lilikuwa hili hili la Wagalilaya na mnara wa Siloe.

II. Mawazo ya watu wa wakati ule, na yetu

Wale walioleta habari kwa Yezu hawakutaja dhambi ya marehemu. Yezu ndiye aliyesoma mioyo yao. Wayahudi wengi walifikiri hivi: mtu akipata msiba mkubwa, alitenda dhambi kubwa. Rafiki za Yobu walisema vivyo hivyo. Hata mitume, walipomwona yule kipofu, waliuliza kama alikosa yeye mwenyewe ao wazazi wake.

Na sisi je? Wazee wetu walimjua Mungu Muumba, Nyamuhanga, na katika kifo cha gafula waliuliza: nani amefanya hivi? Siku hizi wengine wanajibu: mulozi. Wengine wanajibu: dhambi ya marehemu. Wengine wanajibu: wageni. Majibu ni mbalimbali, lakini mzizi ni mmoja, yaani hamu ya kumpata mkosaji upesi ili roho itulie. Tumeona matunda yake. Wakati wa Ebola yalitembea maneno kwamba ugonjwa uliletwa kwa makusudi. Mwezi wa Februari 2019 nyumba za kutunzia wagonjwa za Katwa na Butembo zilishambuliwa. Na tarehe 19 Aprili 2019, siku ya Ijumaa Kuu, Daktari Richard Mouzoko wa Kameruni aliuawa katika hospitali mjini Butembo, naye alikuja kutusaidia. Hivyo kutafuta mkosaji pasipo ukweli si ujinga tu, kwaweza kuua.

III. «Hapana» na «lakini»

Sasa tujibu ulizo la katekista. Neno la kukana na neno la kuonya hayapigani, kwa sababu hayasemwi juu ya watu wale wale. Yezu anasema «hapana» juu ya waliokufa. Anasema «lakini» kwa walio hai mbele yake. Juu ya wafu anakataza hukumu. Kwa wazima anataka toba. Anayetwaa onyo la wazima na kulitupa juu ya makaburi ameyageuza maneno ya Bwana juu chini.

Tena tutazame neno moja la Kigriki. Juu ya Wagalilaya, Luka anaandika «wenye dhambi». Juu ya watu wa Siloe anaandika neno lenye maana ya «wadeni». Mistari michache mbele ya hapo, mwisho wa sura ya 12, Yezu ametoa mfano wa mtu anayepelekwa kwa mwamuzi, naye yafaa apatane na mshitaki wake wangali njiani, maana akifungwa atalipa hata senti ya mwisho. Basi wadeni ni sisi sote. Tofauti ya waliokufa na waliobaki si deni. Tofauti ni kwamba waliobaki wangali njiani.

Lakini «vilevile» maana yake nini? Wenye elimu wametoa maelezo mawili. Wengine wanasema: Yezu anatabiri maangamizi ya Yeruzalemu ya mwaka 70, watu walipouawa kwa upanga wa Waroma na kuta zilipobomoka, naye Luka katika sura ya 19 anaonyesha Yezu akiulilia mji ule. Wengine wanasema: ni juu ya kupotea kwa roho, yaani kifo kumkuta mtu gafula asipokuwa amejitengeneza na Mungu. Maelezo haya yaweza kukaa pamoja. Lakini yako maelezo ya tatu, nayo twayakataa: kwamba Wagalilaya na watu wa Siloe walikufa bila toba wakapotea milele. Bwana hakusema hivyo. Hali ya roho zao aliiacha mikononi mwa Baba.

IV. Mapingamizi mawili

Pingamizo la kwanza. Maandiko yenyewe mara nyingine yanafunga pamoja dhambi na mateso. Yule mgonjwa aliyeponywa katika sura ya 5 ya Yoane aliambiwa asitende dhambi tena, asije akapatwa na baya zaidi. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba wengi kati yao ni wagonjwa kwa kuwa walipokea Mwili wa Bwana isivyofaa.

Jibu. Ni kweli, Mungu aweza kumwadhibu mtu ili amrudishe. Lakini pale anayesema ni Kristu mwenyewe, ao mtume wake, aliyeangazwa na Mungu. Sisi hatukupewa kusoma sababu ya kifo cha kila mtu. Rafiki za Yobu walisema mambo mengi ya kweli juu ya haki ya Mungu, hata hivyo mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia. Naye Papa Yoane Paulo wa Pili, katika barua yake Salvifici doloris ya mwaka 1984, alifundisha wazi kwa mfano wa Yobu kwamba si kila mateso ni adhabu ya kosa.

Pingamizo la pili. Kama Yezu anahimiza toba ya wasikilizaji, je, amemsamehe Pilato ovyo? Wauaji wetu nao wataachwa?

Jibu. Sivyo. Yezu hakusema kwamba Pilato alitenda haki. Kitabu cha Matendo ya Mitume chamtaja Pilato kati ya waliokusanyika kumpinga Kristu, na Kanisa lamtaja katika Kredo mpaka leo. Kuua kunabaki kuua, na kudai haki mbele ya wakubwa si dhambi. Lakini Yezu hakubali dhambi ya Pilato iwe pazia la kuficha dhambi zetu.

Tena tusisahau nani anayesema maneno haya. Ni Mgalilaya anayekwenda Yeruzalemu. Baada ya siku chache, wakati wa Pasaka, wanakondoo wakichinjwa, Pilato atamtoa auawe naye. Kama kila auawaye na watu wabaya ni mwenye dhambi kuliko wengine, tutasema nini juu ya Msalaba? Hapa hoja ya yule mzee wa Oicha yavunjika kabisa.

V. Mtini na mwaka mmoja zaidi

Mara moja Yezu anatoa mfano wa mtini usiozaa kwa miaka mitatu. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi, apate kulima kando yake na kutia mbolea. Mtakatifu Agustino na Mtakatifu Gregori Mkubwa waliona katika miaka mitatu nyakati tatu: mbele ya Sheria, wakati wa Sheria, na wakati wa neema. Nayo mbolea waliieleza kuwa majuto ya mwenye kutubu.

Wakristu wetu wanaolima maharagi na kahawa wanaelewa mfano huu upesi: mti ulioachwa shambani haukuachwa kwa kuwa ni mwema kuliko uliokatwa, umeachwa kwa huruma. Hivyo sisi tuliobaki baada ya mapanga na baada ya Ebola tusijisifu kwamba sala zetu zilikuwa na nguvu kuliko za marehemu. Tumeombewa mwaka.

VI. Kazi yetu

Kwanza, kwenye kaburi tuseme «hapana» ya Bwana. Tuwaambie wajane na yatima waziwazi kwamba kifo hiki si ushuhuda wa dhambi ya marehemu wao. Tuwaombee marehemu. Wale wasiopata kuoshwa na kulilia maiti zao wakati wa Ebola wanahitaji neno hili zaidi.

Pili, «lakini» ya Bwana ina siku yake, nayo ianze kwa mhubiri mwenyewe. Toba ipewe matendo: kuacha kisasi, kuacha kumshitaki jirani kwa ulozi ao kwa kabila lake ao kwa dini yake, kutopeleka maneno tusiyoyaona kwa macho, kupatana tungali njiani.

Tatu, tusiahidi kwamba mwenye kusali haguswi. Mapadri watatu Waasunsyonisti walitekwa Mbau mwezi wa Oktoba 2012, miaka ikapita pasipo kurudi. Padri Vincent Machozi aliuawa mwezi wa Machi 2016. Nani atathubutu kusema kwamba walikosa kuliko sisi?

Katekista wetu alirudi Oicha na jibu hili. Hakulihubiri kwanza. Alikwenda nyumbani kwa wajane, akaketi nao, akawasomea mistari ile tisa polepole, akasimama baada ya neno «hapana» mpaka walipomaliza kulia. Mzee yule naye alikuwapo. Twaona kwamba alielewa Evanjili vizuri. Nasi tufanye vivyo hivyo, mwaka tulioombewa ungali haujaisha.