Mende Anavyoikwepa Kandambili: Kazi ya Neva katika Mwenendo wa Mnyama

Ni watu wachache sana ambao hawajapata kushindwa na mende. Mtu huingia jikoni usiku, huwasha taa, humwona mende ametulia ukutani, huvua kandambili taratibu na kupiga kwa nguvu. Kandambili hupiga ukuta; mende hayupo. Wengi husema kwamba mdudu huyo ana macho makali, au kwamba ni mjanja. Ukweli ni kwamba macho yake hayana sehemu kubwa katika tukio hilo, na ujanja wake umo katika seli za neva ambazo wanasayansi wameweza kuzihesabu moja moja.

Kwa sababu hiyo mende, japo ni mdudu achukizaye, amekuwa mwalimu mzuri wa elimu ya viumbe. Kwake yeye mwanafunzi anaweza kuona jinsi ishara inavyopokelewa kutoka nje ya mwili, inavyosafirishwa, inavyopimwa, na mwishowe inavyogeuzwa kuwa tendo. Aidha, neva za aina hiyo hiyo ndizo zinazoshambuliwa na dawa ya pareto, na ndizo ambazo mbu wa malaria amezibadili ili asife kwa dawa ya chandarua. Kwa hiyo habari za mende hazikomei jikoni.

Nywele zinazopokea upepo

Mwishoni mwa tumbo la mende wa kawaida wa majumbani, Periplaneta americana, kuna vipembe viwili vinavyofanana na mikia mifupi. Upande wa chini wa kila kipembe umeota nywele laini zipatazo 220. Kila unywele umesimama katika kitundu chake, na kitundu hicho huuruhusu kuyumba kwa urahisi kuelekea upande mmoja kuliko pande nyingine. Nywele hizi zimepangwa kwa safu: safu moja huyumbishwa zaidi na upepo utokao mbele kushoto, nyingine na upepo utokao nyuma kulia, na kadhalika. Chini ya kila unywele kuna seli ya neva inayoshtuka unywele unapoinama.

Kandambili inaposhuka husukuma hewa iliyo mbele yake. Chura naye anaporuka ili kumnasa mende hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1978 Jeffrey Camhi na wenzake, waliochunguza mende wakiwindwa na chura, walionyesha kwamba upepo huo ndio unaomwarifu mende kuwa anashambuliwa. Upepo wenye mwendo wa milimita 12 tu kwa sekunde unatosha, mradi uanze kwa ghafla. Upepo unaoongezeka polepole haumshtui. Kama sivyo, mende angekuwa akikimbia kila mlango ufunguliwapo.

Tangu upepo ufike hadi mende aanze kugeuka hupita milisekunde 50 hivi, yaani sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Binadamu huhitaji takriban milisekunde 200 ili aitikie jambo aliloliona. Hivyo mende akishaanza kugeuka, mpigaji hana tena nafasi ya kurekebisha mkono wake.

Ujumbe wa umeme

Seli ya neva hutofautiana na seli nyingine kwa umbo na kwa kazi. Ina mwili wenye kiini, ina matawi mafupi yanayopokea ujumbe, na ina uzi mrefu unaoupeleka ujumbe mbali. Uzi huo huitwa aksoni.

Ujumbe wenyewe ni wa umeme, lakini si kama umeme unaopita katika waya wa shaba. Ndani ya aksoni kuna ioni nyingi za potasiamu, na nje yake kuna ioni nyingi za sodiamu. Neva inapotulia, upande wa ndani wa utando huwa hasi kuliko wa nje kwa milivolti 70 hivi. Katika utando huo kuna malango madogo sana ya protini. Neva inaposhtuliwa vya kutosha, malango ya sodiamu hufunguka. Ioni za sodiamu huingia kwa kasi, na upande wa ndani hugeuka kuwa chanya. Baada ya milisekunde moja hivi malango hayo hujifunga, potasiamu hutoka kwa malango yake, na hali ya kwanza hurejea. Badiliko hilo hushtua sehemu ya utando iliyo jirani, nayo hushtua inayofuata, mpaka mwisho wa aksoni. Mshtuko mmoja wa namna hiyo unaweza kuitwa mpigo.

Elimu hii ilipatikana kwa msaada wa ngisi. Mwaka 1936 J. Z. Young alieleza kwamba ngisi ana aksoni nene kupita kiasi, ambayo unene wake waweza kufikia milimita moja. Alan Hodgkin na Andrew Huxley, Waingereza wawili, waliweza kuingiza kipimo cha umeme ndani ya aksoni hiyo mwaka 1939, na mwaka 1952 wakaeleza kwa hesabu jinsi sodiamu na potasiamu zinavyofanya mpigo. Mwaka 1963 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Eccles.

Jambo moja linafaa kukumbukwa. Mpigo wa neva hauna mkubwa wala mdogo: ama upo, ama haupo. Upepo ukiwa mkali, mipigo haiongezeki ukubwa bali huongezeka wingi. Neva ni kama mpiga ngoma ambaye kila pigo lake lina sauti ileile, na ambaye huonyesha uzito wa habari kwa kuharakisha mapigo.

Mipigo inavyohesabiwa

Aksoni za nywele huingia katika kifundo cha neva kilicho mwishoni mwa tumbo. Hapo hukutana na seli nyingine, lakini hazigusani nazo. Kati yake kuna mwanya mwembamba mno uitwao sinapsi. Mpigo ufikapo kwenye mwanyo huo hauvuki. Badala yake aksoni humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo huvuka na kuishtua seli ya ng'ambo. Mpigo mmoja kutoka unywele mmoja hautoshi kuiamsha seli hiyo. Ni lazima mipigo ya nywele nyingi ifike karibu kwa wakati mmoja. Hivyo sinapsi si kiungo tu. Ni mahali pa kupimia kama habari ina uzito wa kutosha.

Seli zinazopokea habari hizi zina aksoni nene, na kwa sababu hiyo huitwa neva kubwa. Mende ana jozi 7 za neva hizo, yaani 14 kwa jumla. Kenneth Roeder wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, aliziandikia makala maarufu mwaka 1948. Hupanda moja kwa moja kutoka tumboni hadi kwenye vifundo vya kifua, ambako zimo neva zinazoendesha miguu sita. Unene wake huupa mpigo mwendo wa meta 6 au 7 kwa sekunde. Hesabu rahisi yaonyesha kwamba safari ya sentimeta 2 huchukua milisekunde 3 tu. Basi katika zile milisekunde 50, muda mwingi hautumiki njiani. Hutumika kupokea, kupima na kuamrisha misuli.

Mende anajuaje upande wa kukimbilia? Upepo ukitoka kushoto, neva kubwa za kushoto hutoa mipigo mingi kuliko za kulia. Neva za kifuani hulinganisha pande mbili, na mwili hugeuka kuelekea kulia. Katika miaka ya 1990 watafiti waliongeza mipigo kwa umeme katika neva moja ya upande uliokuwa na mipigo michache, na mara nyingine mende aligeuka kuelekea upande wa hatari. Jaribio hilo lilithibitisha kwamba uamuzi wa mende ni ulinganifu wa hesabu mbili.

Nyigu anayemwongoza mende

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa neva za tumbo na kifua zinatosha kumkimbiza mende, ubongo wake una kazi gani? Jibu linatolewa na nyigu mmoja wa nchi za joto, Ampulex compressa, mwenye rangi ya kijani inayong'aa, ambaye hupatikana pia Afrika.

Nyigu huyu humchoma mende mara mbili. Kwanza humchoma kifuani, na miguu ya mbele hupooza kwa dakika chache. Katika muda huo humchoma tena, safari hii kichwani, na kwa uangalifu mkubwa hutia sumu ndani ya ubongo wenyewe. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 2003 kwa kutumia sumu iliyotiwa alama ya mnururisho. Baadaye miguu hupata nguvu tena, lakini mende hakimbii. Nyigu humshika kipapasio na kumwongoza mpaka shimoni, kama mtu anavyoongoza mbuzi kwa kamba. Humo hutaga yai juu ya mende, na buu atokaye humla mende huyo akiwa hai.

Frederic Libersat na wenzake waliwachunguza mende waliochomwa. Nywele zao hupokea upepo kama kawaida, na neva kubwa hutoa mipigo yake. Wakilazwa chali huweza kujigeuza, na wakitiwa majini miguu yao huogelea. Kilichopotea ni utayari wa kuanza kutembea. Kwa hiyo ubongo wa mende hauendeshi kila mguu. Kazi yake mojawapo ni kuziweka neva za chini katika hali ya kuitikia. Ishara ileile, katika njia ileile, yaweza kuleta mbio au kutulia kwa kadiri ya hali hiyo. Yamkini kila mwalimu amekwisha kuona jambo linalofanana na hilo darasani, ambapo kengele moja humwamsha mwanafunzi huyu na yule haimtikisi.

Pareto, mbu na chandarua

Kama sumu ya nyigu hushika ubongo, sumu ya pareto hushika lango la sodiamu. Pareto hulimwa katika nyanda za juu za Kenya na katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, na dawa hupatikana katika maua yake yaliyokaushwa. Dawa hiyo huingia katika lango na kulizuia lisijifunge kwa wakati. Sodiamu huendelea kuingia, na neva hutoa mipigo mfululizo isiyo na maana. Ndiyo sababu mende aliyepuliziwa dawa huanguka chali na kutapatapa. Miguu yake haikukosa nguvu. Imepata amri nyingi mno kwa wakati mmoja.

Wanakemia waliiga umbo la dawa ya pareto na kutengeneza dawa zisizoharibiwa upesi na mwanga wa jua. Moja yake, pamethrini, ilitangazwa mwaka 1973 na Michael Elliott na wenzake huko Rothamsted, Uingereza. Dawa za jamii hiyo, ziitwazo pairethroidi, ndizo zilizotiwa katika vyandarua. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2015 njia za kupambana na malaria ziliepusha wagonjwa milioni 663 katika Afrika, na kwamba asilimia 68 ya mafanikio hayo yalitokana na vyandarua. Ulinzi huo wote ulitegemea lango moja katika neva ya mbu.

Lango hilo ni mnyororo wa asidi za amino zipatazo 2,000. Katika mbu wa aina ya Anofelesi gambiae, badiliko la asidi moja tu, mahali penye namba 1014, hulifanya lango lisishikwe vizuri na dawa. Badiliko la aina moja lilielezwa Afrika Magharibi mwaka 1998; la aina nyingine lilielezwa magharibi mwa Kenya mwaka 2000. Mbu wengine hujikinga kwa njia tofauti: huivunja dawa mwilini kabla haijafika kwenye neva. Kila mbu aliyesalia huwarithisha wanawe kinga hiyo, na dawa itumikapo kwa wingi ndivyo wanawe wanavyozidi kuenea.

Wanasayansi wameitikia kwa kutafuta shabaha nyingine. Katika wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza, yalijaribiwa vyandarua vyenye pairethroidi pamoja na klofenapiri, dawa isiyoshambulia lango la neva bali utengenezaji wa nishati ndani ya seli. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba kwa miaka miwili malaria kwa watoto ilipungua kwa asilimia 44 ikilinganishwa na vyandarua vya kawaida. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vitumike mahali ambapo mbu wamekuwa sugu.

Jaribio la darasani

Mambo ya msingi yaliyoelezwa hapa yanaweza kuonekana shuleni bila vyombo vya gharama. Mende awekwe katika beseni pana lililopakwa mafuta ukingoni ili asipande. Akitulia, apuliziwe pumzi fupi kwa mrija, mara 20 kutoka kushoto na mara 20 kutoka kulia, na wanafunzi waandike kila safari amegeukia upande gani. Kisha vipembe vyake vya nyuma vipakwe mafuta mazito ya mgando, na jaribio lirudiwe. Wanafunzi waulizwe kwa nini mwitikio umepungua, ilhali macho, miguu na ubongo havikuguswa. Mwishoni mikono ioshwe kwa sabuni.

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na ni kweli kwamba mambo mengi ndani yake bado hayajafumbuliwa. Hata hivyo malango yake ya sodiamu, mipigo yake na sinapsi zake hufuata kanuni zilezile zilizosomwa katika ngisi na mende. Mwanafunzi anayeelewa kwa nini kandambili ilikosa shabaha ameanza kuelewa pia kwa nini chandarua cha jana huenda kisimtoshe mtoto wa kesho.