Neno la Mungu nyumbani: mgeni wa sebuleni au mtu wa familia?

KATIKA nyumba nyingi za Wakristo, Biblia ina mahali pake pa heshima. Ipo juu ya kabati la sebuleni, karibu na picha ya harusi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Jumapili asubuhi hushushwa, hufutwa vumbi, huenda kanisani na kurudi. Kuanzia Jumatatu, mambo ya ada ya shule, marejesho ya kikoba na ugomvi wa watoto huamuliwa bila kuifungua.

Hivyo ndivyo anavyotunzwa mgeni. Hupewa kiti kizuri, na hakuna anayemwonyesha jikoni wala kumweleza madeni ya nyumba. Lakini wahenga waliweka mpaka: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno la Mungu likiachwa mgeni siku zote, litaheshimiwa sana bila kufanya kazi yoyote katika familia.

Anza na moyo wa mzazi

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, Musa anawaagiza Waisraeli wawafundishe watoto wao maneno ya Mungu, na anataja nyakati nne: wanapoketi nyumbani, wanapotembea njiani, wanapolala na wanapoamka. Wazazi wengi wanalijua agizo hilo la mstari wa 7. Kinachosahaulika ni mstari wa 6, unaotangulia. Kabla ya kufikishwa kwa watoto, maneno hayo yanatakiwa yakae kwanza moyoni mwa mtu mzima.

Mpangilio huo una maana. Mzazi si bomba la kupitishia maji yasiyomlowesha. Yeye ndiye msikilizaji wa kwanza, na watoto hutambua mapema kama anachowasomea kinamhusu na yeye.

Neno si fimbo

Hapa ndipo nyumba nyingi hujikwaa. Waefeso 6:1, unaowataka watoto wawatii wazazi, hukaririwa na karibu kila mtoto aliyepitia mafundisho ya kanisani. Mstari wa 4 katika sura hiyohiyo, unaowakataza akina baba kuwachokoza watoto wao mpaka wakajaa hasira, husikika mara chache. Wakolosai 3:21 unaongeza sababu: mtoto anayechokozwa kila siku huvunjika moyo.

Mtoto anayetajiwa Maandiko pale tu anapovunja sahani au kushindwa mtihani anaweza kuamini kwamba Mungu yuko upande wa mwenye fimbo. Akienda shule ya bweni, mbali na macho ya wazazi, ni rahisi aviache vyote viwili, fimbo na Biblia.

Chukua mfano wa baba aliyerudi kazini amechoka, akamgombeza mwanawe kwa kosa ambalo si lake. Usiku huo familia inasoma habari za kusamehe. Baba anaweza kueleza vizuri sana maana ya msamaha, wote wakaenda kulala. Anaweza pia kusema mbele ya wote, "Nisamehe mwanangu, leo nimekugombeza bure." Maneno hayo machache hayaondoi heshima yake. Yanamwonyesha mtoto kwamba katika nyumba hiyo kuna sauti ambayo hata baba anaitii.

Nyakati nne, dakika chache

Familia haihitaji saa nzima. Zile nyakati nne za Musa zinatosha, kila moja kwa namna yake.

Kuamka: Wakati uji unapoa na sare zinatafutwa, mstari mmoja na sala fupi vinatosha. Uwe mstari ambao hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuondoka nao.

Njiani: Kwenye kwenda shule, shambani au sokoni, hakuna haja ya kufungua kitabu. Ni wakati wa kusimulia habari za Zakayo juu ya mkuyu, au za Yusufu aliyeuzwa na ndugu zake, kwa maneno ya kawaida.

Kuketi: Baada ya chakula cha jioni, someni kifungu kifupi. Injili ya Marko ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa ndiyo fupi kuliko nyingine, ina sura 16 tu. Wanaosali katika jumuiya ndogo ndogo wanajua utaratibu: kifungu husomwa, watu hukaa kimya kidogo, kisha kila mmoja hutaja neno lililomgusa. Nyumbani yanaweza kuongezwa maswali mawili: Neno hili linasema nini kuhusu nyumba yetu? Kesho tutafanya nini? Mdogo aanze kujibu, mkubwa amalizie.

Kijana akiuliza swali gumu, asinyamazishwe. "Sijui, tumuulize katekista" au "tumuulize mchungaji" ni jibu la heshima.

Kulala: Huu ni wakati wa kupatana. Aliyekosana na mwenzake amalize kabla taa haijazimwa.

Simu: msaada na mtego

Siku hizi Biblia nzima ya Kiswahili inakaa kwenye simu, na mzazi anaweza kusoma akiwa kwenye foleni au akisubiri zamu yake hospitalini. Hiyo ni neema. Mtego wake ni kurusha mistari kwenye makundi ya WhatsApp alfajiri kabla ya kuisoma yenyewe. Mstari uliotumwa kwa watu 50 bado haujapokelewa na aliyeutuma. Wakati wa ibada ya jioni, simu isiyotumika kusomea ikae mbali, ya mzazi ikitangulia.

Anayelea peke yake

Wapo akina mama ambao waume zao hawasali, na wapo bibi wanaolea wajukuu. Hao wasijione wamepungukiwa. Timotheo, aliyekuja kuwa msaidizi wa karibu wa mtume Paulo, alikuwa na baba Mgiriki na mama Myahudi aliyeamini, kama inavyoeleza Matendo 16:1. Katika barua yake ya pili kwa Timotheo, Paulo anakumbuka imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Kijana huyo aliyajua Maandiko tangu utoto, na waliotajwa kwa imani nyumbani kwao ni wanawake wawili.

Miiba haikosekani

Katika mfano wa mpanzi, kwenye Luka sura ya 8, Yesu anaitaja miiba inayolisonga Neno: mahangaiko, mali na anasa za maisha. Kila nyumba ina miiba yake. Kuna wiki ambayo mtoto ataugua, umeme utakatika, baba atakuwa safarini, na siku tatu zitapita bila ibada. Familia hiyo isijihukumu. Siku ya nne ianze tena pale ilipoishia, kwa sababu udongo mzuri katika mfano huo unasifiwa kwa uvumilivu. Mbegu ikishapandwa humea taratibu, na mkulima anayejua kazi yake hafukui kila asubuhi kutazama kama imeota.